Unasoma Kitabu Gani Siku Hizi? Swali la Kuamsha Uhakiki Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, naomba nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikikusanya madaftari baada ya kipindi cha fasihi, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe unasoma kitabu gani sasa?" Nikamtajia riwaya tuliyokuwa tukiichambua darasani. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Hiyo tunaisoma sote, mwalimu. Nilitaka kujua unachosoma ukiwa nyumbani."

Nilikosa la kumjibu. Kwa mwaka mzima sikuwa nimefungua kitabu chochote kisichokuwa kwenye orodha ya kutahiniwa. Nilikuwa nikiwahimiza wanafunzi waipende fasihi, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nimeigeuza kuwa kazi ya mshahara tu. Tangu siku hiyo nimelichukua swali lile na kulifanya mbinu ya kufundishia. Katika makala haya nitaeleza namna linavyofanya kazi, na kwa nini linamfaa hata mtahiniwa ambaye fikira zake zote ziko kwenye mtihani.

Uzito wa swali hili

Wajua kwamba katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3) mtahiniwa hujibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwa kuhofia karatasi hiyo, wengi hukimbilia miongozo. Mwongozo si adui. Tatizo huzuka pale unapochukua nafasi ya kitabu chenyewe. Mtahiniwa aliyekariri kwamba mhusika fulani ni katili, bila ya kuushuhudia ukatili huo ukitendeka ukurasani, hukwama mara tu swali linapogeuzwa kidogo. Akikwama, hujiokoa kwa kusimulia hadithi. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha anajua jinsi majibu ya namna hiyo yanavyojaza kurasa na kuzoa alama haba.

Chanzo cha udhaifu huu si uvivu peke yake. Mwanafunzi hajazoea kusema maoni yake kuhusu kitabu. Amezoea kupewa maoni ya watu wengine. Anapozungumza na wenzake kuhusu kitabu alichokichagua mwenyewe, hana mwongozo wa kuegemea. Analazimika kufikiri.

Maswali manne ya kumsaidia msomaji

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu kitabu, aghalabu atasema, "Ni kitamu sana." Usimkemee. Hapo ndipo uhakiki unapoanzia, ila haupaswi kuishia hapo. Mwulize maswali haya manne:

1. Ni kipi hasa kilichokupendeza? Jibu litakuwa mhusika, tukio, wazo au lugha.
2. Kiko wapi kitabuni? Hapa anatafuta ushahidi, na papo hapo anajifunza kuweka dondoo katika muktadha wake.
3. Mwandishi amekifanya vipi? Hili linampeleka kwenye mbinu za uandishi.
4. Amefanya hivyo ili iweje? Hili linamfikisha kwenye dhamira.

Tazama, msomaji wangu, kwamba bila ya kutaja neno "uchambuzi" tumepitia maudhui, wahusika, mbinu na dhamira.

Mifano mitatu

Tuchukue kwanza Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka wa 1960. Msomaji atasema, "Sikuweza kukiweka chini." Mwulize vipi. Atagundua kwamba mwandishi anatuonyesha mauaji mapema, kisha anauzuia ukweli na kuutoa kidogo kidogo kupitia kwa mpelelezi Bwana Msa. Msomaji huyo amekwisha kuieleza taharuki kwa maneno yake mwenyewe. Utakapompa istilahi, haitamtoka tena, kwa kuwa alikutana na kitu kabla ya kukutana na jina lake.

Mfano wa pili ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Wengi huipenda kwa sababu wanamhurumia Kongowea Mswahili, kijana aliyezaliwa Tanga ambaye anafunga safari hadi Kenya kumtafuta babake. Huruma hiyo imejengwaje? Kongowea anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, nasi tunaambatana naye pasipo kujua zaidi ya anachojua. Kisha litazame jina lake. Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Kijana asiyejua asili yake amebebeshwa jina la mji na la watu. Hapo mwanafunzi anaona kwamba majazi yanaweza kubeba swali zima la riwaya, nalo ni: mimi ni nani?

Wa tatu ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka wa 1999. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume mzee kwake. Baadaye anampenda Denge, mwanaharakati anayepinga utawala wa kikoloni Zanzibar. Msomaji mmoja atavutiwa na mapenzi, mwingine na siasa. Waache wabishane! Katika kubishana watafikia hoja ya msingi, kwamba mwandishi ameyasuka mambo hayo mawili pamoja. Yasmin anataka uhuru wa nafsi yake, Denge anataka uhuru wa nchi. Jina la riwaya nalo linaelekeza kwenye mvutano huo huo.

Na asiyekipenda je?

Siku moja mwanafunzi alisimama akasema kitabu alichoazima maktabani kilimchosha, na wenzake wakacheka wakitarajia nimkaripie. Nilimpa maswali yale yale manne. Akaeleza kwamba kila mhusika mwema alizungumza kana kwamba anahubiri, na kila mbaya alikuwa mbaya tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ametofautisha wahusika bapa na wahusika duara, somo nililokuwa bado sijalifundisha. Uhakiki si kusifu tu. Asiyepewa ruhusa ya kukikosoa kitabu hawezi kukisifu kwa dhati.

Namna ya kuendesha shughuli hii

Walimu wengi watauliza, "Muda utatoka wapi, na silabasi ni ndefu?" Dakika kumi kwa juma zinatosha. Zingatia haya:

Kwanza, mwalimu aanze. Taja kitabu unachokisoma kwa hakika, hata ikiwa umefika ukurasa wa ishirini.

Pili, wazungumze wanafunzi wawili tu kwa siku, na asiwepo wa kufichua mwisho wa hadithi. Sharti hili huwalazimu kuzungumzia mbinu badala ya kusimulia.

Tatu, usitoe alama. Ukianza kutoa alama, watasoma ili wakuridhishe.

Nne, usidharau chaguo la mwanafunzi. Hadithi fupi, tamthilia, hata kitabu kilichochakaa alichokipata nyumbani kwa nyanyake, vyote vinafaa. Vitabu ni ghali, kwa hivyo nakala moja na ipite mikononi mwa wengi.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Nawe mtahiniwa, usinielewe vibaya. Swali likikutaka urejelee kitabu teule, jibu kwa kitabu hicho. Mifano kutoka riwaya nyingine haitakupa alama. Faida ya usomaji wa ziada iko kwingine: katika shairi usilowahi kuliona, katika dondoo unayotakiwa kuieleza, katika msamiati wa insha yako ya karatasi ya kwanza, na katika ujasiri wa kuwa na hoja yako mwenyewe.

Hitimisho

Mwanafunzi yule aliyeniuliza swali alikwisha kumaliza shule zamani. Laiti angeniuliza leo, ningemjibu bila kusita. Ninasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka wa 2021. Nimenaswa na Yusuf, mvulana anayechukuliwa na tajiri anayemdhania kuwa jamaa yake, kumbe ametolewa rehani kwa deni la babake. Ninajiuliza jinsi mwandishi anavyotufanya tuuone utumwa huo kwa macho ya mtoto ambaye hajaujua bado.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu asiyesoma atalea watahiniwa, wala hatalea wasomaji. Basi, kabla hujalifunga jarida hili, nami nakuuliza: wewe unasoma kitabu gani siku hizi?