Programu Jalizi na Ufungashaji Wake

Programu jalizi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea kazi isiyokuwa nayo, na manufaa yake kwa mtumiaji hutegemea ufungashaji wake sawa na ubora wa utunzi wake. GIMP, programu huria ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hutolewa bure kwa leseni inayomruhusu yeyote kuirekebisha na kuigawa. Hivyo fundi picha wa stesheneri ya Majengo, Songea, anaweza kuitumia kuandaa picha za pasipoti bila kulipa ada wala kuvunja sheria.

Ugumu huanza anapohitaji programu jalizi ya kuzipanga picha hizo katika karatasi moja, kwa sababu toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, lilibadilisha utaratibu wa GIMP kuwasiliana na jalizi zake, na zile zilizoandikwa kwa toleo la 2.10 hazifanyi kazi mpaka zirekebishwe. Aidha, kila jalizi sasa hutakiwa kukaa katika folda yenye jina lake: faili ya pasipoti.py isipokuwa ndani ya folda iitwayo pasipoti, haitaonekana kwenye menyu.

Pale ambapo bando ni ghali na faili husafiri kwa flashi, kasoro nyingine hujitokeza kwenye kompyuta za Linux, ambako GIMP huendesha tu jalizi iliyopewa ruhusa ya kutekelezwa, ilhali flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT, usiohifadhi ruhusa hiyo. Mfungashaji makini huiweka folda nzima katika kifurushi cha tar, kinachotunza ruhusa za kila faili, akaambatanisha leseni, namba ya toleo la GIMP linalohitajika na maelekezo ya kusakinisha. Hutangaza pia alama ya SHA-256, yaani msururu wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, ambao hubadilika hata baiti moja ikiguswa. Alama hiyo haina budi kupatikana kwa mtunzi mwenyewe, kwani anayeweza kuchezea kifurushi kilichomo kwenye flashi anaweza pia kuibadilisha alama iliyowekwa humo.

Maelekezo hayo nayo yanafaa kuwa katika lugha ya mtumiaji. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, ukathibitisha kwamba lugha ya mtumiaji ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Watunzi wa jalizi wa Afrika Mashariki wanapaswa kuufuata mfano huo, kwa kuwa uhuru ulioandikwa kwenye leseni humfaa fundi wa Majengo pale tu anapoweza kukifungua kifurushi, kuyaelewa maelekezo yake na kuanza kazi.