Mtoto, Sataranji na Saa ya Telefone

Hapa Kiringye watoto wetu wanakusanyika kila Jumamosi alasiri, tukishatoka shambani, kucheza sataranji, ule mchezo wa mfalme na malkia ambao shuleni wanauita eshek. Ubao ni karatoni tuliyochora vyumba 64. Kete ni vifuniko vya soda vilivyoandikwa majina.

Ubishi wetu ni juu ya mafumbo. Mtoto anaonyeshwa mchezo uliofika katikati, anaulizwa hatua gani inashinda. Ahesabiwe sekunde 20 kwa telefone, ao aachwe mpaka aone mwenyewe?

Mwanzoni tulipenda saa. Watoto walichangamka, na sisi tukapiga makofi. Kisha msichana mmoja wa miaka tisa akaanza kubaki nyumbani. Tulipomuuliza akasema: «Saa inanikimbiza, mama, nasahau hata farasi anarukaje.» Wenzake nao, tulipowachunguza vizuri, walikuwa wanakisia tu, wakikosa wanadai fumbo lingine, bila kuuliza kwa nini.

Tukampa fumbo bila saa. Farasi anaruka mahali anapomtisha mfalme na malkia kwa mara moja; mfalme lazima akimbie, malkia analiwa. Alitazama kwa muda wa kusonga ugali mzima, mpaka akaliona. Jumamosi iliyofuata tulimwekea lingine la namna ile, akalitambua upesi bila kusukumwa na mtu.

Wengi mmesikia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe kule Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende. Filamu juu yake ilitoka 2016. Mwaka 2012 alicheza Olimpiadi ya sataranji huko Istanbul. Kwenye Olimpiadi saa ipo, lakini mchezaji anapewa dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, na kila hatua inaongezewa sekunde 30. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya dakika mbili kwa hatua moja. Na sisi tulikuwa tunawanyima watoto hata nusu dakika!

Saa hatukuitupa. Mafumbo ambayo mtoto ameshayatatua mara tatu nne, hayo tunayarudia kwa saa, ili macho yazoee kuyatambua haraka. Mapya, hapana. Mama mmoja anashikilia kwamba wavulana wake bila saa wanasinzia. Huenda kwao ni kweli, tumemwachia ajaribu.

Yule msichana amerudi. Jumamosi hii tunaomba vifuniko vya rangi mbili, 16 kwa kila rangi, na kila mwenye telefone azime mlio.