Tana na Soko Lake (4): Forodha ya Belezoni na Mchele wa Minjila

Tangu Tanzania itoe amri ya tarehe 28 Julai 2025 ya kuwafungia wageni aina 15 za biashara, wasomaji wa safu hii wamekuwa na swali moja tu: je, tuache kununua vitu vya Watanzania? Mmoja ameapa kwamba mchele wa Mbeya hautaingia tena katika sufuria yake. Mwingine, mwenye duka karibu na steji ya Garsen, anauliza atajuaje gunia lipi limetoka wapi, ilhali yeye hununua Malindi, wa Malindi hununua Mombasa, na wa Mombasa hasemi. Nitawajibu, lakini mmenizoea: sianzii dukani. Naanzia kwenye mfereji wa Belezoni tulikoachia mara iliyopita, kwa kuwa ugomvi wa namna hii uliwahi kupiganwa papa hapa, juu ya maji yetu.

Mnakumbuka jinsi Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani wa ukoo wa watawala wa Pate, aliyepewa jina la Simba, alivyoikimbia Pate akaishia Witu, na jinsi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walivyopata mkataba wake Aprili 1885, hata Berlin ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi ile mwezi uliofuata. Hayo sitayarudia. Ninachokitaka leo ni ule mfereji.

Enzi hizo Mto Tana ulikuwa na mlango wake wenyewe wa kumwagia baharini, kusini magharibi mwa Kipini, na mlango huo ulikuwa mbaya. Mchanga ulijikusanya ukawa fungu, mawimbi ya Ghuba ya Ungwana yakipasuka juu yake, na mtumbwi uliosheheni mpunga haukuwa na salama pale. Kipini, kwa upande wake, ulikuwa na mlango wa Mto Ozi, na juu kidogo ya Kipini palikuwa na Kau, mji wa wafanyabiashara. Kati ya Tana na Ozi ardhi ni tambarare tupu. Basi ukachimbwa mfereji mwembamba wa kupita mitumbwi, ndio Belezoni, na Mpokomo, mkulima wa bonde la Tana, akawa anashuka na mpunga wake mpaka Kau bila kuiona bahari, akirudi na nguo na chumvi. Pembe za ndovu kutoka bara nazo zilishukia humo. Mwenye fikra anaona mara moja: anayekaa penye mfereji ule ameishika biashara ya bonde zima kooni.

Na waliotaka kukaa hapo walikuwa wengi. Kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, wenye upana wa maili 10, uliishia Kipini kwa upande wa kaskazini. Kutoka hapo ilianza pwani ya Witu, chini ya ulinzi wa Wajerumani. Yaani mpaka wa mataifa mawili ya Ulaya ulipita katikati ya soko la wakulima wa mpunga ambao hawakuambiwa lolote. Ng'ambo moja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme Septemba 1888, ikiikodi pwani ya Sultani. Ng'ambo ya pili Kampuni ya Kijerumani ya Witu. Zote zililitolea macho jambo moja: forodha ya Lamu. Kwa kushindwa kuelewana zikalipeleka shauri lao kwa Baron Lambermont, mwanadiplomasia wa Ubelgiji. Tarehe 17 Agosti 1889 baroni akaamua kwamba hakuna upande uliokuwa na ahadi ya kumfunga Sultani, naye yu huru kumpa amtakaye. Kabla mwezi haujaisha, Sultani Khalifa akawapa Waingereza.

Huku kwetu Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, alikuwa ameweka askari wake Belezoni, akitoza ushuru kila kipitacho. Kwa akili yake alikuwa na hoja: mfereji upo, mizigo inapita, na Lamu wanakula ushuru wa mazao yaleyale. Kampuni ya Kiingereza ikasema mfereji ni wa Sultani wa Zanzibar na yeye Fumo Bakari ni mvamizi. Ikampa muda: mwaka 1889 ukiisha na askari wake wangali pale, wataondolewa kwa nguvu. Wakaondoka.

Angeshinda angefanya nini? Ndilo swali linalonikosesha usingizi kila nipitapo Kau na kuona magofu. Miezi sita tu baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani waliitoa Witu kwa Waingereza katika mapatano yaleyale yaliyowapa wao kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Fumo Bakari aliwaamini Wajerumani kuliko ilivyofaa. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa Witu, na Oktoba Admirali Fremantle akaja na wanamaji wake akauchoma mji. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, naye akitafutwa. Kampuni yenyewe, baada ya makeke yote yale, ilijitoa Witu mwaka 1893 kwa kuwa gharama zilizidi mapato.

Mto nao haukungoja hukumu ya mtu. Maji ya Tana yaliupenda mfereji, yakaupanua, na hatimaye Tana wote ukahamia humo kutokea Kipini. Kilichochimbwa kwa ajili ya mitumbwi ndicho leo mto wenyewe. Katika mabishano yote yale ya ushuru, mwenye mpunga hakuitwa hata siku moja kuulizwa anauza kwa nani na kwa bei gani.

Sasa turudi dukani.

Amri ya Tanzania, iliyotiwa saini na waziri wa wakati huo, Selemani Jafo, inamkataza asiye raia kufanya biashara kama za kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, rejareja na jumla (isipokuwa maduka makubwa), udalali, na, hili ndilo la kutazamwa, kununua mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za kwao au kifungo cha hadi miezi sita, na kunyang'anywa kibali cha kukaa. Waziri wetu wa Biashara, Lee Kinyanjui, amelalamika kwamba inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Kisheria naona ana haki. Lakini Wakenya wenzangu, tusijifanye malaika. Ni Kenya iliyofunga mlango wa mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaufungua siku chache baadaye kwa masharti. Na ni Tanzania iliyochoma vifaranga 6,400 kule Namanga mwaka 2017. Kila mmoja ana orodha yake.

Wanaotaka tususie, hebu wafungue vikapu vyao. Kitunguu kinachouzwa na mama mboga Minjila, jirani na Garsen, huenda kimetoka Mang'ola, huko Karatu. Machungwa yanayojazwa katika soko la Kongowea na kusambazwa pwani nzima mengi ni ya Muheza. Mchele je? Kenya inavuna sehemu ndogo tu ya mchele inaoula, na mwingi wa huo ni wa Mwea. Ukiukataa wa Tanzania, mwenye duka atakupimia wa Pakistan. Uzalendo wako umekwenda Karachi. Serikali yetu yenyewe, Julai hiyohiyo ya 2025, ilitangaza katika gazeti rasmi ruhusa ya kuingiza tani 500,000 za mchele bila ushuru, mpaka Mahakama Kuu ya Kerugoya ikaisimamisha Agosti baada ya wakulima kupinga. Wakulima wa Kirinyaga walijua mlango wa mahakama ulipo. Wa Garsen walikuwa wapi?

Hapo ndipo panaponiuma. Garsen si mahali pa kuuliza mchele wa nani tununue. Gamba, mwendo mfupi kutoka Minjila, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, ilijenga mradi wa mpunga kwa mkopo wa Japani. Kulikuwa na matuta, mifereji na kinu cha kukoboa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikayavunja matuta, na tangu hapo mradi umekuwa wa kufufuliwa kila anapokuja kiongozi mpya. Katikati wakaja na ndoto nyingine: miwa ya Mumias, mbono kaburi wa kutengenezea mafuta, ekari kwa maelfu za kupewa Qatar. Kila ndoto ilileta wapima ardhi na kesi. Mpunga haukuleta kesi, ndiyo maana ukasahauliwa.

Mtaniambia mto wenyewe umebadilika, na ni kweli. Babu zetu walipanda kwa kufuata mafuriko: maji yanapanda, yanashuka, unapanda nyuma yake. Tangu Kindaruma mwaka 1968, halafu Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, mafuriko yanaamuliwa kwa sehemu na anayefungua na kufunga mabwawa ya Seven Forks. Umeme unakwenda Nairobi. Sisi hupata maji mengi mno wakati mabwawa yamefurika, na machache mno mpunga unapokuwa na kiu. Kule vijijini Ozi na Chara maji ya chumvi yanapanda mto, yanaua miembe na kuharibu mashamba ya mpunga, kwa sababu mto hauna tena nguvu ya kuyasukuma. Kaunti ambayo haina sauti juu ya bwawa la Masinga haitakuwa na sauti juu ya bei ya mchele.

Lakini lawama zote tusizipeleke juu. Mchele wa kwetu, wa Ngao au wa Wema, ukija sokoni tunaulalamikia chenga, kisha tunanunua gunia lenye picha ya ua na maandishi ya dhahabu, tunajiona tumestaarabika. Chenga ni kazi ya kinu kibovu, na kinu kibovu hurekebishwa pale wanunuzi wanapodai mchele mzuri. Na ile biashara ya kununua mazao shambani ambayo Tanzania imewafungia wageni, hapa kwetu inafanywa na Wakenya wenzetu bila haya. Dalali anafika Tarasaa msimu wa embe, anakuta barabara imekatika na embe zinaoza, anataja bei yake na mkulima anakubali. Embe ileile ikifika Mombasa ina bei nyingine. Dodoma wamekosea njia, lakini maradhi waliyoyaona yapo na huku.

Kwa hiyo jibu langu kwa aliyeapa: kula mchele unaoumudu, wa Mbeya ukiwa mzuri ule, usimwadhibu mkulima wa Mbeya kwa saini ya waziri wake. Lakini ukiukuta wa Delta ya Tana, nunua huo kwanza, hata ukiwa na chenga, na umwambie mwenye duka kwa nini. Mwenye duka wa Garsen aulize wa Malindi asili ya kila gunia na aiandike kwa chaki juu yake. Mnunuzi ana haki ya kujua.

Na kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti mnaoketi Hola: kabla ya kupitisha hoja ya kuilaani Tanzania, iiteni TARDA mbele yenu, muiulize msimu huu Gamba wamepanda ekari ngapi za mpunga, nani aliununua, na kwa bei gani. Majibu myachapishe, Kipini na Ozi nao wayasome.