Waliokaa Mbele ya Televisheni na Kalamu Mkononi

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako mna televisheni, au waenda kuitazama kwa jirani, je, umepata kujiuliza mawimbi yale yapitayo angani ni mali ya nani? Mtambo una mwenyewe, hilo twalijua. Lakini mawimbi? Huko Jackson, katika jimbo la Mississippi, Marekani, swali hilo lilifika mbele ya majaji.

Kituo cha televisheni cha mji ule, WLBT, kilikuwa na leseni ya serikali. Sheria ya kule ilimtaka mwenye leseni awatumikie watu wote wa mahali pake, si kuwachekesha tu na kuwauzia sabuni. Basi watu weusi walikuwa karibu nusu ya watazamaji, asilimia 45, lakini ukikitazama kituo kile ungedhani hawapo. Waliotaka weusi na weupe watengwe walipewa nafasi ya kusema; wenye kupinga walinyimwa. Tarehe 20 Mei 1963 Medgar Evers, kiongozi wa weusi, alipata dakika 17 za kumjibu meya, baada ya kudai sana. Tarehe 12 Juni akapigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa.

Ndipo akatokea Everett Parker, mchungaji wa Kiprotestanti. (Si wa Kanisa letu, lakini haki ni haki. Nao Mtaguso wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulikuwa umekwisha kutangaza kwamba watu wana haki ya kupashwa habari.) Parker hakuanza kwa kelele. Alitafuta wenyeji wa Jackson wa kujitolea, akawafundisha, nao wakaitazama televisheni juma zima la Machi 1964, toka asubuhi mpaka kituo kifungwe usiku. Kila kilichoonyeshwa wakakiandika: nani kasema, dakika ngapi, mweusi kaitwaje. Fikiri kazi hiyo, wewe usinziaye kabla habari hazijakwisha! Majina yao yakafichwa, maana kujulikana kungeweza kuwapotezea kazi, hata roho.

Karatasi zile zikapelekwa kwa tume ya serikali iliyotoa leseni. Tume ikajibu kwamba mtazamaji hana ruhusa ya kushitaki. Mwenye ruhusa ni yule tu aliyepata hasara ya biashara, au ambaye mawimbi yake yameingiliwa. Yaani mwenye kituo kingine asikilizwe, na baba wa nyumba anyamaze!

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1966 jaji Warren Burger akaamua kwamba watazamaji nao wana haki ya kusikilizwa. Tume ikawasikiliza, kisha ikawarudishia leseni wale wale. Mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo, kwa mkono wa Burger yule yule, ikaivunja leseni.

Mwaka 1971 kituo kikakabidhiwa kwa chama kisichotafuta faida, cha weusi na weupe pamoja. Mwaka uliofuata meneja akawa mtu mweusi, William Dilday. Na mwaka 1976 WLBT, ile iliyowanyima watu nafasi ya kusema, ikapata tuzo kubwa ya Peabody kwa kipindi cha uchunguzi juu ya siasa za Mississippi.