Mwuza Vitabu vya Kale

Katika mji wa Kilwa Kivinje kila mfanya biashara ana bidhaa yake. Huyu auza samaki wakavu, huyu nazi, na yule nguo. Lakini iko biashara moja ambayo bidhaa yake watu wengi huifungia karanga au huwashia moto. Nayo ni biashara ya vitabu vya kale, barua, stempu, na noti ambazo hazitumiki tena. Waifanyao si wengi katika pwani yetu. Wengi wao wako Ulaya na Marekani. Hata hivyo yatupasa kuijua, maana baadhi ya mali waitafutayo ilitoka kwetu.

Mwuza vitabu vya kale ni mtu wa kutafuta. Huenda minadani, na hununua makasha ya vitabu kwa warithi wa marehemu. Akipata kitabu, haanzi kukisoma, bali hukikagua. Hutazama mwaka na mahali kilipochapwa, huhesabu kurasa, huchungulia mshono wa jalada, na huinua karatasi kwenye mwanga aone alama ya kiwanda iliyomo ndani yake. Kisha hujiuliza mambo matatu: Je, zimesalia nakala nyingi? Je, hali yake ni njema? Je, kilikuwa cha nani zamani?

Msidhani kwamba kila kilicho cha kale kina thamani. Kitabu kilichochapwa kwa maelfu chaweza kuwa na miaka mia na bei yake ikawa ndogo. Bali zile noti ambazo Wadachi walizichapa kwa haraka katika nchi yetu miaka ya 1915 na 1916, walipofungiwa njia ya bahari kwa vita, wakusanyaji huzitafuta hata leo. Tena, barua ya kale yenye stempu haifai kubanduliwa stempu yake ovyo, kwa kuwa mhuri wa posta ndio uonyeshao mji na siku.

Wako pia walioishi kwa kalamu. Huko Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma, fundi wa kuchora milango na mwenye khati nzuri sana. Wataalamu wa Kizungu, kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtaka awanakilie tenzi za kale, naye akapata ujira wake. Alikufa mwaka 1945, lakini nakala za mkono wake zingaliko London na Hamburg.

Basi, jaribu kubwa la kazi hii ni lipi? Tuseme mjane mmoja aleta kasha la marehemu mumewe. Ndani yake mna chuo kilichoandikwa kwa mkono. Mjane hajui kusoma khati ile. Ataka fedha za unga tu. Mwuzaji aijua thamani yake, na hakuna mtu mwingine aijuaye. Akisema, “Nitakupa shilingi mbili,” mjane atashukuru na kwenda zake. Hapo ndipo mtu hujulikana. Mwenye haki humwambia, “Mama, kitu hiki kina thamani. Waite wanao kwanza, mshauriane, kisha tutazungumza bei.” Mdanganyifu hufurahi siku moja, lakini habari ikienea, hakuna atakayemfungulia kasha tena. Wako na wabaya zaidi, wakatao kurasa katika vitabu vya maktaba, na waghushio hati mpya kwa kuzipaka rangi ya moshi.

Sasa sikilizeni habari ya mji jirani. Mwaka 1711 barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ziliandikwa Kilwa, wakati wa Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa. Zimehifadhiwa Goa, katika Bara Hindi, mji uliokuwa makao makuu ya Wareno upande wa Mashariki. Nazo ni katika maandiko ya Kiswahili ya kale kabisa yaliyosalia. Vivyo hivyo, nakala ya Kiarabu ya tarehe ya wafalme wa Kilwa ilipelekwa Uingereza, na mwaka 1895 Arthur Strong aliichapa huko. Mtu atakaye kuziona karatasi hizo za Kilwa hana budi kusafiri ng'ambo.

Je, tuwalaumu waliozichukua, au tuwashukuru kwa kuzitunza? Kila mmoja na afikiri. Ila jambo moja ni dhahiri: barua nyingine nyingi ziliandikwa katika pwani hii, zikabaki hapa, na leo hazipo. Mchwa wamezila, mvua imezilowesha, na unyevu wa bahari umezitia ukungu.

Kwa hiyo, ukiona karatasi za kale nyumbani kwa babu, usizitupe wala usizianike juani. Zifunge katika kitambaa kikavu, uziweke katika sanduku lisilogusa ardhi, na umwulize babu ni za nani na zasema nini. Uyaandike majibu yake. Usiziuze pasipo shauri la wazee. Wazee wetu walinena, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Nasi twaweza kuongeza: na daftari lenyewe ni mali.