J. Marion Sims: Daktari Aliyepata Tiba ya Fistula kwa Maumivu ya Wanawake Watumwa

Miongoni mwa vifaa vinavyotumika hadi leo katika uchunguzi wa magonjwa ya wanawake kipo kimoja kinachoitwa kwa jina la Sims. Jina hilo ni la Dkt. James Marion Sims, mpasuaji wa Marekani ambaye kazi yake iliwaponya wanawake wengi, lakini njia aliyoipitia ingali inazua mjadala mzito.

Sims alizaliwa tarehe 25 Januari, 1813 katika Jimbo la South Carolina na kuhitimu udaktari mwaka 1835 katika Chuo cha Jefferson, Philadelphia. Baadaye alihamia Montgomery, Jimbo la Alabama, ambako uchumi ulitegemea watumwa waliolima pamba.

Mwaka 1845 aliletewa wanawake watumwa waliokuwa na fistula ya uzazi. Tatizo hilo hutokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kwenye nyonga, damu hushindwa kuifikia, nyama hiyo hufa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo huvuja usiku na mchana, na mgonjwa hutengwa kwa sababu ya harufu. Wakati huo madaktari walio wengi waliuona ugonjwa huo kuwa hauna dawa.

Kwa kukunja mpini wa kijiko, Sims alipata kifaa kilichomwezesha kuliona tundu hilo waziwazi. Kuanzia hapo, kwa takriban miaka minne, aliwafanyia upasuaji wa majaribio takriban wanawake kumi na wawili katika jengo dogo nyuma ya nyumba yake. Majina matatu tu ndiyo yaliyohifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Ruhusa ilitolewa na wamiliki wao. Wao wenyewe hawakuwa na haki kisheria ya kukataa. Walipasuliwa bila dawa ya usingizi, ingawa matumizi ya etha yalikwisha kuoneshwa hadharani mjini Boston Oktoba 1846. Wasaidizi wa Sims walipokata tamaa na kuondoka, wanawake hao ndio waliosaidiana katika upasuaji.

Nyuzi za hariri zilikuwa zikisababisha usaha na kidonda kufumuka. Mwaka 1849 Sims alitumia nyuzi za madini ya fedha, na Anarcha, akiwa katika upasuaji wake wa 30, akapona. Sims alichapisha matokeo hayo mwaka 1852, akahamia New York, na mwaka 1855 akashiriki kuanzisha Hospitali ya Wanawake. Mwaka 1876 alikuwa Rais wa Chama cha Madaktari cha Marekani. Alifariki dunia tarehe 13 Novemba, 1883.

Sanamu yake ilisimama New York kwa zaidi ya karne moja, hadi ilipoondolewa katika bustani ya Central Park Aprili 2018. Mwaka 2021, mjini Montgomery, zilizinduliwa sanamu za Anarcha, Lucy na Betsey.

Historia hiyo inaeleza kwa nini leo utafiti wa tiba kwa kawaida haukubaliki bila ridhaa ya mhusika mwenyewe, aliyeelezwa manufaa na madhara yake na mwenye uhuru wa kukataa.

Fistula bado ipo katika nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, na kila tarehe 23 Mei dunia huadhimisha Siku ya Kutokomeza Fistula. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza ni miongoni mwa zinazotibu tatizo hilo. Kinga yake inajulikana: mjamzito ahudhurie kliniki, ajifungulie katika kituo cha kutolea huduma za afya, na uchungu unapokawia afikishwe mapema panapofanyika upasuaji. Mwanamke anayevuja mkojo baada ya kujifungua hana sababu ya kujificha, kwani ugonjwa wake si laana wala aibu, na unatibika.