Weupe Unaoumbua Tarehe

Tuseme kanisa moja la kale la misheni, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni huko Kivu, lina picha ya Mtakatifu Yosefu inayosemekana kuchorwa mwaka 1930. Anayetaka kujua kama mwaka huo una ukweli asianze na sahihi ya mchoraji, kwani sahihi huigwa. Aanze na rangi nyeupe. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walipata weupe kutoka madini ya risasi, baadaye zinki. Weupe wa titani uliingia sokoni karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, kwanza katika umbo liitwalo anatasi. Umbo la pili, rutili, lilienea miaka ya 1940.

Kifaa cha kwanza cha kuutambua weupe huo si kigeni Kivu. Ni kile chenye umbo la bastola ambacho wafanyabiashara wa madini hukielekeza kwenye koltani kujua ina tantali kiasi gani. Hupiga eksirei, atomu zikajibu kwa eksirei zao, kila elementi kwa nishati yake: titani kama kiloelektronivolti 4.5, risasi 10.5. Picha haikwaruzwi hata kidogo. Lakini kifaa hicho huona elementi tu, na anatasi na rutili zote ni titani. Kuzitenganisha kunahitaji mbinu ya Raman, Mhindi aliyeigundua mwaka 1928: mwanga wa leza unaporudi, sehemu yake ndogo huwa imebadilika kufuatana na mtikisiko wa molekuli. Anatasi hutoa alama kali karibu na namba 143, rutili kwenye 447 na 612. Rutili katika picha ya 1930 haina maelezo ya heri: ama tarehe ni ya uongo, ama kuna aliyepaka juu baadaye.

Hapo ndipo nguvu ya vipimo hivi, yaani spektroskopia, ilipo: hukanusha vizuri kuliko inavyothibitisha. Picha isiyo na titani inaweza kuwa ya 1930, au ya jana, iliyochorwa na mjanja mwenye kopo la zamani. Wolfgang Beltracchi, mghushi wa Ujerumani, aliijua kanuni hiyo, akatumia nyeupe ya zinki. Kumbe tyubu ilikuwa na titani isiyotajwa kwenye lebo, na picha aliyoiandikia mwaka 1914, iliyouzwa Cologne mwaka 2006, ikamponza. Alifungwa mwaka 2011. Kuhusu viraka vya fundi wa matengenezo, dawa ni kupima sehemu nyingi. Titani ya kona moja haihukumu picha nzima.

Wapo watakaosema kwamba Beni, inayozika watu wake tangu mauaji ya 2014, haina nafasi ya kuhangaikia rangi. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna anayeomba bajeti ya hospitali. Ila vita ndivyo vinavyohamisha vitu bila karatasi. Vipimo vikiwekwa alama juu ya fotografia na kutunzwa nje ya parokia, hubaki hata picha ikiibwa. Ikitokea mnadani Ulaya na hadithi mpya, kutakuwa na namba za kulinganisha.